MFALME MWEMA AKIFA, TUNABAKI NA NINI?
Ufalme, shura na maswali matatu ya kumuuliza kila mtawala



Himdi zote njema ni za Allah (S.W.), Mfalme wa kweli ambaye ufalme wake hauna mwisho. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Swahaba zake wote.

Ndugu zangu katika imani, wiki hii kijana mmoja ameniandikia. Anasema: "Sheikh, kwenye kundi letu tumegombana mpaka watu wamejitoa. Mmoja kasema ufalme ndio utawala wa Kiislamu, kwa sababu hata Makka na Madina ziko chini ya mfalme. Mwingine akasema ufalme wote ni haramu. Wa tatu akasema kupiga kura ni mambo ya makafiri. Sisi tushike lipi?"

Nilimwahidi nitamjibu kwa urefu, kwa sababu swali hili haliwezi kujibiwa kwa mistari miwili. Na nimegundua kwamba wengi wanaogombana hawajui historia, wanajua majina tu. Basi soma mpaka mwisho kabla ya kuandika maoni. Mwishoni nitakueleza na kosa langu mwenyewe katika jambo hili.

1. TUELEWANE KWANZA JUU YA MANENO

Kuna ufalme usio na mipaka, na kuna ufalme wa kikatiba. Watu wanavichanganya.

Ufalme usio na mipaka ni ule ambao mfalme ndiye anayetawala hasa. Anateua mawaziri, anatoa sheria, ana jeshi mkononi, wala hakuna baraza lililochaguliwa na watu lenye uwezo wa kumwondoa. Leo nchi za namna hii ni chache: Saudia, Oman, Brunei, na huku kwetu Afrika, Eswatini. Sheria ya Msingi ya Saudia ya mwaka 1992 inaeleza wazi kwamba utawala wake ni wa kifalme na umo katika kizazi cha mwasisi, Mfalme Abdulaziz.

Ufalme wa kikatiba ni ule ambao mfalme yupo, ana heshima yake, lakini wanaotawala ni waziri mkuu na bunge. Uingereza ni mfano. Walifika hapo kwa taabu: mwaka 1649 walimkata kichwa mfalme wao, Charles wa Kwanza, baada ya vita na bunge, na mwaka 1689 wakaandika haki ambazo mfalme hawezi kuzivuka. Malaysia, nchi ya Waislamu wengi, ina utaratibu wa ajabu zaidi: watawala tisa wa majimbo wanamchagua mmoja wao kuwa mfalme wa nchi kwa miaka mitano, kisha anapokezana na mwingine.

Na kuna jamhuri, ambamo mkuu wa nchi ni rais na kiti si cha ukoo. Angalau kwenye karatasi.

Sasa, ukitaka kuujua utawala wowote, usishughulike na jina lake. Uliza maswali matatu:

Kwanza, nani amemweka?
Pili, nani anaweza kumuuliza akakaa salama?
Tatu, siku akiondoka, nini kinatokea?

Shika maswali haya. Tutatembea nayo.

2. QUR'AN HAIKUMLAANI KILA MFALME

Ndugu aliyesema ufalme wote ni haramu, arudi kwenye Msahafu. Wana wa Israili walimwomba Nabii wao awawekee mfalme, na Allah akawateulia Talut. Nabii Daud na Nabii Sulayman (A.S.) walikuwa manabii na walikuwa wafalme. Lakini tazama Daud aliambiwa nini katika Surat Swad: ahukumu baina ya watu kwa haki, asifuate matamanio. Yaani hata Nabii mwenye ufalme aliwekewa mpaka.

Tazama pia Malkia wa Sabaa katika Surat an-Naml. Barua ya Nabii Sulayman ilipomfikia, hakuamua peke yake. Aliwaita wakuu wake akawaeleza kwamba hakati shauri bila wao kuwepo. Wao wakajibu kwa kujivunia nguvu zao za vita, kisha wakamwachia yeye amri. Yeye ndiye aliyekumbusha uharibifu unaofanywa na wafalme wanapouingia mji kwa nguvu. Mwanamke huyu alikuwa bado hajasilimu, lakini alijua kushauriana, na kushauriana kukawaokoa watu wake.

Kwa hiyo jina "mfalme" peke yake si halali wala haramu. Tunaangalia kilichomo ndani. Na Allah ametuambia kilichomo ndani kiwe nini: katika Surat ash-Shura amewasifu waumini kwamba mambo yao ni ya kushauriana, na katika Aal Imran amemwamrisha Mtume wake (S.A.W.), aliyekuwa akiletewa wahyi, awashauri Swahaba zake. Kama yeye aliamrishwa, ni nani wa kusema hahitaji?

3. MIAKA 30 YA MWANZO

Mtume (S.A.W.) alifariki mwaka wa 11 Hijria, sawa na 632. Hakuacha kiti cha kurithi. Waislamu walikutana Saqifa ya Bani Saida, wakajadiliana, sauti zikapanda, mwisho wakampa bay'a Abu Bakr (R.A.). Siku ya pili yake akapanda mimbari, na maana ya aliyoyasema mnaijua: kwamba amepewa uongozi naye si mbora wao, akienda sawa wamsaidie, akipotoka wamnyooshe. Hotuba yake ya kwanza iliwapa watu ruhusa ya kumuuliza! Na alipokuwa karibu kufa, hakumpa mwanawe. Aliwashauri wakubwa wa Swahaba, akampendekeza Umar (R.A.), mtu wa ukoo mwingine.

Sasa njoo kwa Umar. Nitakupa kisa kimoja kilichopokewa na Bukhari, ambacho hatukisimulii vya kutosha. Watu wa Kufa walimshitaki gavana wao, Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.). Sa'd huyu si mtu mdogo. Ni katika kumi waliobashiriwa Pepo, na ndiye aliyekuwa jemadari wa Qadisiyya. Walimshitaki mpaka wakadai kwamba hajui kuswali vizuri. Umar hakuwaambia "nyamazeni, huyu ni Swahaba mkubwa". Alimwondoa kwenye ugavana, akamsikiliza, kisha akatuma watu Kufa kuchunguza. Waliuliza msikiti kwa msikiti. Misikiti yote ikamsifu, isipokuwa katika msikiti wa Bani Abs alisimama mtu mmoja akamsema vibaya. Sa'd alikuwa ametoka safi.

Tafakari hapo. Mshitakiwa ni mtu wa Peponi, mashitaka ni ya uongo, lakini malalamiko ya raia yalichunguzwa, tena hadharani. Hilo ndilo swali letu la pili: nani anaweza kumuuliza? Zama za Umar, mtu wa kawaida wa Kufa aliweza.

Na Umar alipopigwa jambia mwaka wa 23 Hijria (644), akiwa kitandani damu inamtoka, aliwateua watu sita wachague mmoja wao: Uthman, Ali, Talha, Zubayr, Abdurrahman bin Awf na huyohuyo Sa'd (R.A.). Akasema kwamba hakumwondoa Sa'd Kufa kwa udhaifu wala kwa khiyana. Kuhusu mwanawe, Abdullah, mtu mwenye elimu na ucha Mungu usio na shaka, alisema ahudhurie kikao lakini hana fungu katika uongozi. Mtoto wa Khalifa aingie, asikilize, asichaguliwe. Abdurrahman bin Awf akazunguka kushauriana na watu siku tatu, kisha bay'a ikaenda kwa Uthman.

Nisikufiche, miaka hiyo haikuwa mepesi. Uthman aliuawa mwaka wa 35 Hijria, Ali akauawa mwaka wa 40. Shura haikuwa na mlinzi wala mahakama ya kuilinda, na fitna ilipoingia ilipasua umma. Hili tuliseme kwa ukweli, kwa sababu wapenzi wa ufalme hulitumia kama hoja, na ni hoja ya kusikilizwa.

4. JINSI KITI KILIVYOINGIA UKOONI

Mwaka wa 41 Hijria, Hasan bin Ali (R.A.) alimwachia uongozi Muawiya (R.A.) ili damu ya Waislamu isimwagike. Watu wakauita mwaka wa umoja. Muawiya alitawala karibu miaka 20, nchi ikatulia. Kisha, akiwa hai, akaanza kumchukulia bay'a mwanawe, Yazid.

Sisi Ahlu Sunna tunamtaja Muawiya kwa heshima ya Uswahaba wake. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake amemtetea kwamba aliogopa Bani Umayya wasingemkubali mtu wa nje, na umma ungegawanyika tena. Hiyo ni ijtihadi, na nia yake tunamwachia Allah. Lakini kitendo chenyewe kina historia yake, na Swahaba na watoto wa Swahaba walikipinga palepale. Imepokewa kwamba Abdurrahman mtoto wa Abu Bakr alikikataa waziwazi, akikifananisha na desturi ya wafalme wa Rumi. Husayn bin Ali na Abdullah bin Zubayr nao hawakukubali.

Muawiya alikusudia kuzuia fitna. Tazama kilichotokea alipofariki mwaka wa 60 Hijria (680). Mwezi Muharram wa mwaka uliofuata, mjukuu wa Mtume (S.A.W.) aliuawa Karbala. Mwaka wa 63 jeshi la Yazid liliingia Madina baada ya vita vya Harra. Mwaka wa 64 Makka ilizingirwa na Al-Kaaba ikashika moto. Mwaka huohuo Yazid naye akafa. Yote hayo ndani ya miaka isiyofika minne.

Kwa hiyo ukiambiwa kwamba kurithishana kunaleta utulivu, jibu: wakati mwingine ndiyo, na wakati mwingine ndiyo mlango wa damu. Waothmani walitawala kwa ukoo mmoja zaidi ya miaka 600, na walifanya mengi makubwa. Lakini Mehmed wa Tatu alipokalia kiti mwaka 1595, ndugu zake 19 walinyongwa ili asiwe na mshindani. Utulivu huo ulilipiwa na jeneza 19 kutoka nyumba moja.

Ipo hadithi ya Safina (R.A.), wameipokea Abu Daud na Tirmidhi, yenye maana kwamba ukhalifa utakuwa miaka 30, kisha utakuwa ufalme. Angalia: Mtume (S.A.W.) ametofautisha vitu hivyo viwili. Ndugu anayesema ufalme ndio mfumo wa Uislamu anaunganisha kilichotenganishwa.

5. BARUA ILIYOFUNGWA

Utaniambia: "Sheikh, na Umar bin Abdulaziz je? Si alitoka katika ufalme?" Ndiyo, na kisa chake ndicho kinachonifundisha zaidi.

Mwaka wa 99 Hijria (717), mfalme wa Bani Umayya, Sulayman bin Abdulmalik, alikuwa mgonjwa wa kufa huko Dabiq, Sham. Kwa ushauri wa mwanachuoni wake, Raja bin Haywa, aliandika jina la mrithi katika barua, akaifunga kwa muhuri. Ukoo wote ukaapishwa kumtii aliyemo ndani ya barua bila kumjua. Alipofariki barua ikafunguliwa, na jina likawa la binamu yake, Umar bin Abdulaziz. Imesimuliwa kwamba yeye mwenyewe alishituka, akawarudishia watu bay'a yao wamchague wamtakaye, nao wakamtaka yeye.

Alirudisha mali za dhulma, akianza na nyumba yake na jamaa zake. Alikomesha kumlaani Ali (R.A.) kwenye mimbari. Aliwaondolea jizya waliosilimu, ambao magavana walikuwa wakiendelea kuwatoza ili hazina isipungue. Mtu huyu tunamwita Khalifa wa tano mwongofu.

Alitawala muda gani? Miaka miwili na miezi michache. Alipofariki mwaka wa 101, kiti kilikwenda kwa Yazid bin Abdulmalik, kwa sababu barua ileile ilikuwa imeshamtaja awe baada yake! Mengi yakarudi yalivyokuwa. Miaka 30 baadaye Bani Umayya wakaanguka, Bani Abbas wakaingia, nao wakarithishana vilevile.

Ndugu zangu, mfalme mwema ni neema, na ni bahati. Lakini wema wake anauzika nao. Umar bin Abdulaziz hakuwa na baraza ambalo lingebaki kusimamia alichokianzisha. Muhuri ulioleta uadilifu ndio uliouondoa.

6. OMAN NA UNGUJA: HISTORIA YA NYUMBANI

Katika miaka hiyohiyo ya kuanguka kwa Bani Umayya, ndugu zetu Maibadhi wa Oman walimchagua imamu wao wa kwanza, Julanda bin Mas'ud. Kwa mafundisho yao, imamu huchaguliwa na wanavyuoni na wakuu wa makabila, na akidhulumu anaweza kuondolewa. Tunatofautiana nao katika baadhi ya mambo ya itikadi, lakini insafu inatudai tukiri kwamba waliishikilia shura muda mrefu.

Nao walionja tamu na chungu yake. Mwaka 1624 walimchagua Nasir bin Murshid wa ukoo wa Yaariba. Waliomfuata waliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650, kisha mwaka 1698 wakawatoa Ngome ya Yesu, Mombasa. Lakini polepole uimamu ukaanza kwenda kwa mtoto. Sultan bin Saif wa Pili alipofariki mnamo 1718, makabila yakamtaka mwanawe mdogo. Wanavyuoni wakasema mtoto mdogo hawezi kuwa imamu. Vita vikazuka, nchi ikagawanyika, na mtoto yule alipokuwa mtu mzima akawaita Waajemi wamsaidie dhidi ya watu wake. Aliyewaondoa Waajemi ni Ahmad bin Said, gavana wa Suhar, naye akapewa uimamu. Huyo ndiye babu wa masultani wa Unguja.

Mjukuu wake, Sayyid Said bin Sultan, hakujiita imamu. Aliingia madarakani mwaka 1806 baada ya kumuua binamu yake Badr, akatawala nusu karne, akahamishia makao yake Unguja, akajaza visiwa mikarafuu. Alikuwa hodari wa biashara na siasa, na wengi walimsifu kwa upole wake. Lakini tuseme na hili: mikarafuu ile ilipandwa na kuchumwa na watumwa, na hakuna aliyewauliza wao juu ya utawala wowote. Tukisifu neema ya enzi tusisahau mgongo uliobeba.

Oktoba 1856 Sayyid Said alifia baharini akitoka Maskati kurudi Unguja. Swali la tatu likagonga mlango: ameondoka, nini kinatokea? Majid akashika Unguja, Thuwaini akashika Maskati na kudai zote mbili. Barghash akaasi dhidi ya Majid mwaka 1859, akashindwa, akapelekwa Bombay. Ndugu walishindwa kuamua, basi Mwingereza akawaamulia: mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, alizitenga Unguja na Oman, Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Miaka mitano baadaye Thuwaini aliuawa na mwanawe wa kumzaa, Salim.

Mwaka 1896 ikajirudia. Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, na Khalid bin Barghash akaingia kasri siku ileile. Waingereza, waliokuwa wameshaifanya Unguja himaya yao tangu 1890, wakasema hapana, sultani haketi bila ridhaa yetu. Tarehe 27 Agosti, saa 3 asubuhi, manowari zikafyatua mizinga. Haikufika hata saa moja. Takriban watu 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na sultani mwingine, Hamud bin Muhammad, akawekwa.

Hapo ndipo ninapotaka vijana wetu wasimame. Wanatuambia ufalme unalinda heshima ya Uislamu dhidi ya wageni. Sisi hapa nyumbani tuliona mgeni akiingia kupitia mlango uleule wa mirathi. Watu wasio na utaratibu wa kuamua nani awaongoze, jirani mwenye mizinga atawaamulia.

Oman yenyewe imetupa mfano wa karibuni. Mwaka 1970 Qaboos alimwondoa babake, Said bin Taimur, kwa msaada wa Waingereza. Ukweli usemwe: alijenga barabara, hospitali na shule katika nchi iliyokuwa nyuma sana, na wengi wanamwombea rehma mpaka leo. Lakini hakuwa na mtoto. Sheria aliyoitoa mwaka 1996 ilisema ukoo ukae siku tatu kumchagua mrithi, wakishindwa ifunguliwe barua aliyoiacha. Alifariki Januari 2020. Ukoo haukusubiri siku tatu. Barua ikafunguliwa, na Haitham bin Tariq akaapishwa kwa amani. Alhamdulillah kwa amani ile. Lakini baada ya miaka 1,300 tangu Dabiq, nchi nzima bado ilikuwa ikisubiri kusomewa jina lililomo ndani ya bahasha. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, mrithi sasa ni mtoto mkubwa wa sultani.

7. JAMHURI NAYO SI DAWA KWA JINA LAKE

Sasa wapenzi wa jamhuri msishangilie mapema.

Syria ni jamhuri. Hafez al-Assad alipofariki Juni 2000, katiba ilitaka rais awe na umri wa miaka 40, na mwanawe Bashar alikuwa na miaka 34. Siku ileile bunge likaishusha katiba mpaka 34! Ukoo ule ulitawala mpaka Desemba 2024, na ndani yake kuna vita vilivyoua mamia ya maelfu. Kongo, Laurent Kabila aliuawa Januari 2001, akakalishwa mwanawe Joseph. Togo, Eyadéma alifariki 2005, akakalishwa mwanawe Faure. Huo ni ufalme uliovaa suti.

Unguja yetu, ufalme wa kikatiba ulidumu mwezi mmoja tu, kutoka uhuru wa Desemba 1963 hadi mapinduzi ya 12 Januari 1964. Jamhuri ikaja, lakini Baraza la Wawakilishi likaundwa mwaka 1980. Miaka 16 ilipita bila chombo cha namna hiyo cha kuuliza.

Na kura nazo zina maradhi yake, mnayajua: rushwa, ukabila, uongo wa kampeni. Kura ni kisu, kinaweza kukata kitunguu na kinaweza kukata mkono.

Lakini kuna kheri moja ambayo lazima tuitaje. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu mwenzetu, aliiongoza Tanzania tangu 1985, akamaliza vipindi vyake viwili mwaka 1995, akakabidhi, akarudi nyumbani. Aliishi raia zaidi ya miaka 28, tukimwona katika swala na mazishi, mpaka alipofariki Februari 2024. Hakuna aliyemwogopa na hakuna aliyemwinda. Kiongozi kuondoka kwa miguu yake na kuishi salama ni jambo ambalo wafalme wengi walilikosa, na makhalifa wengi walilitamani.

8. JIBU LANGU, NA KOSA LANGU

Basi mwanangu uliyeuliza, jibu langu ni hili. Uislamu haukutuandikia jina la mfumo. Umetuandikia amana, uadilifu, shura na hisabu. Mfalme akiyatimiza, tumsaidie. Rais akiyavunja, urais wake haumsafishi. Wala siwafundishi kuasi, fitna tumeiona matunda yake hapo juu. Ninachosema ni kwamba utawala ulio karibu zaidi na mwendo wa Makhalifa wanne ni ule ambao mtawala anawekwa kwa ridhaa ya watu, anaulizwa na mnyonge, na siku akiondoka hakuna anayechomoa upanga. Utawala wa mtu mmoja asiyeulizwa uko mbali na mwendo huo, hata kama mtu mwenyewe ni mwema.

Sasa kosa langu. Zamani nilikuwa katika kamati ya msikiti mmoja. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mwema wa kweli, Allah amrehemu. Aliongoza zaidi ya miaka 20. Funguo kwake, daftari la michango kwake, hati ya shamba la wakfu kwake. Hakula hata shilingi, nashuhudia. Lakini hatukuwahi kukaa kusoma hesabu, na mimi, niliyekuwa nikiwasomea watu kisa cha Umar na watu wa Kufa, niliona haya kumuuliza. Nilijiambia: nitamuulizaje mzee kama huyu?

Alipofariki, hati haikuonekana. Watoto wake wakasema shamba ni la baba yao, wala sikuweza kuwalaumu, walimwona akililima maisha yao yote. Kesi ilikwenda miaka. Tulilipata nusu. Nusu nyingine, ambayo mtu aliiweka wakfu ili mayatima wasome, imeshajengwa nyumba.

Hakuna mwizi katika kisa hiki. Kuna mtu mwema asiyeulizwa, na kuna sisi tuliokaa kimya. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Ikiwa Allah atamuuliza, kumuuliza kwetu mapema ni kumsaidia ajibu.

Kwa hiyo, kabla hamjarudi kwenye kundi kugombana juu ya wafalme wa mbali, Ijumaa hii nendeni msikitini kwenu, kwenye madrasa yenu, kwenye chama chenu cha kuzikana. Ulizeni kwa adabu maswali yale matatu. Nani amewaweka viongozi wetu? Hesabu inasomwa lini na mbele ya nani? Mwenyekiti akifariki usiku wa leo, hati ziko wapi? Na wewe uliye kiongozi, usikasirike ukiulizwa. Abu Bakr aliomba aulizwe.

Ee Allah, tupe viongozi wanaokuogopa, na utupe ujasiri wa kuwanasihi kwa hekima. Warehemu waliotutangulia, utusamehe tuliponyamaza mahali pa kusema. Aamin.

Ukiona nimekosea, niandikie, nitasahihisha hadharani. Ukiona kuna faida, wapelekee wenzako wa kamati.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.